Habari Njema Unampelekea Nani Kwanza?



Wiki hii nimepata ujumbe wa mdogo wangu mmoja, fundi cherehani. Amepata oda ya sare 200 za shule, kubwa kuliko zote alizowahi kushona. Akarudi nyumbani mbio mbio, hata kiatu hajavua, akamwambia mumewe. Mume, macho kwenye simu, akajibu: “Mia mbili? Kitambaa utanunua kwa pesa ya nani?” Basi. Dada wa watu akaingia jikoni kusonga ugali. Usiku akampigia shoga yake, na huyo shoga alipiga vigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta. “Dada,” ananiuliza, “mume wangu hana baya. Hanipigi, halewi, ada analipa. Mbona najiona kama naishi na mpangaji mwenzangu?”

Hujakosea kujiona hivyo, mdogo wangu. Tena swali lako lina watu waliolifanyia kazi.

Kwenye kichen pati zetu tunafundwa mengi. Tunaambiwa mume akirudi amekasirika tufanye nini, mawifi wakija juu tufanye nini, chumbani ndiyo usiseme. Sijawahi kumsikia somo akimfunda mwari namna ya kumpokea mume aliyekuja na jambo la furaha. Hata wasomi walichelewa kufika hapo. Kwa miaka mingi wanasaikolojia wa ndoa walichungulia zaidi ugomvi: nani anafoka, nani ananuna, nani anaondoka na kubamiza mlango. Mwanasaikolojia wa Marekani, Shelly Gable, akaligeuza swali: mambo yakiwanyookea, wanafanya nini? Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha majibu yao, na waliwagawa watu katika makundi manne kwa jinsi wanavyoipokea habari njema ya mwenzao. Nitawaeleza kwa hiyo hiyo oda ya sare.

Wa kwanza anaacha alichokuwa anafanya. “Wee! Shule gani hiyo? Walikupataje? Hebu anza mwanzo.” Wa pili anasema “hongera” na kurudi kwenye taarifa ya habari. Wa tatu anaichambua mpaka inakufa: kitambaa kitatoka wapi, watoto atawapikia nani, hao walimu hawalipi, utaumwa mgongo. Wa nne hata hakuisikia: “Chumvi umenunua?” Au anaanza za kwake, namna alivyokoseshwa usingizi na mbu.

Katika utafiti ule, ni majibu ya yule wa kwanza tu yaliyoambatana na watu kuridhika na mapenzi yao na kujiona wako karibu. Yale mengine matatu yote yaliangukia upande wa pili. Najua wapo mnaosema “mbona mimi huwa nasema hongera?” Ndiyo, unasema. Hiyo hongera yako ya baridi imekaa kundi moja na chumvi.

Miaka miwili baadaye Gable akarudi na jozi 79 za wapenzi, akawarekodi wakizungumza mbele ya kamera: mara moja jambo zuri lililompata mmoja wao, mara nyingine jambo baya. Kisha akawafuatilia baada ya miezi miwili. Namna mtu alivyopokelewa kwenye jambo zuri ilieleza hali ya penzi lao, na nani aliachana na nani, kuliko namna alivyopokelewa kwenye jambo baya.

Mimi halinishangazi. Msibani kwetu hata aliyekununia mwaka mzima anakuja na kukaa mkekani. Shida ina desturi zake, kila mtu anajua aseme pole na abebe nini. Furaha haina ratiba. Hapo mtu anabaki na roho yake tu, na wewe unaiona.

Hata hivyo tusimhukumu haraka huyu mume. Kwetu watu wanaficha mema yao kwa sababu wanazozijua: mimba inafichwa, kiwanja kinafichwa, safari inatajwa mtu akiwa ameshafika. Ndani ya ndoa nako kuna mahesabu. Mke akisema mshahara umepanda, mwezi ujao luku na maji vinahamia kwake kimya kimya. Mume akisema kapata posho, kesho yake mjomba anapiga simu. Na anayeuliza “kitambaa utanunua kwa pesa ya nani” huenda hana kijicho hata kidogo. Ameshaona majirani walivyobebewa makochi na friji kwa mikopo ya kausha damu, akaogopa. Swali lake ni halali kabisa. Ila ni la kesho asubuhi, kwenye chai, na daftari mezani. Usiku ule lilimkuta mwenzake mlangoni.

Sasa msidhani haya yanahusu oda kubwa tu. Mwanasaikolojia John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alitengeneza maabara yenye sura ya nyumba ndogo, akaleta jozi 130 za wanandoa wapya na kuwatazama kwa kamera wakipika, wakisoma magazeti, wakipiga soga. Alichokuwa anakihesabu ni vitu vidogo mno. Mmoja anasema “ona ule mtumbwi”. Je, mwenzake ananyanyua macho? Baada ya miaka 6 alitazama nani bado wako pamoja. Waliobaki kwenye ndoa walikuwa wameitikia miito ya namna hiyo mara 86 katika kila 100. Walioachana, 33.

Nawaomba mzishike takwimu hizo kwa kiasi. Gottman alijulikana pia kwa kudai kwamba anaweza kutabiri talaka kwa uhakika mkubwa, na wenzake wakamkosoa kwamba hesabu zile zilipangwa baada ya kujua tayari nani kaachana na nani. Kutabiri yaliyokwisha kutokea hata mimi naweza. Tena wengi wa hawa waliochunguzwa ni Wamarekani, na nyumba zao hazina mama mkwe sebuleni wala watoto wa shemeji chumba cha pili.

Lakini asije mtu akawaambia haya yote ni ya Wazungu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda akifuatana na mumewe, aliyepata kazi Makerere. Akaanza kuzunguka vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama 26 na watoto wao wachanga, akiuliza na kutazama. Kitabu chake cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Moja ya mambo aliyoyaona ndilo ninalolipenda zaidi katika elimu hii nzima: mama aliyeweza kumsimulia mwanawe kwa undani, anapenda nini, analia namna gani akiwa na njaa na namna gani akiwa na usingizi, ndiye ambaye mara nyingi mtoto wake alikuwa ametulia na anacheza bila wasiwasi. Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver wakayachukua mawazo hayo ya mama na mtoto na kuyapeleka kwa wapenzi watu wazima, wakianza na maswali waliyoyachapisha kwenye gazeti moja la Denver. Kwa hiyo sehemu ya elimu hii ilianzia kwenye nyumba za Buganda, kwa akina mama ambao hakuna aliyewaita maprofesa.

Kuna pia yale maswali 36 ya kujenga ukaribu, ya mwanasaikolojia Arthur Aron, ambayo vijana mnatumiana sana. Yapo kweli, ni ya utafiti wa mwaka 1997, na wanafunzi wasiojuana waliyatumia kwa dakika 45 wakajisikia karibu. Aron na wenzake wenyewe waliandika kwamba ukaribu ule si uaminifu wala si ahadi. Jichezeeni, lakini msitangaze posa.

Turudi kwako, fundi wangu. Usimvizie mumeo saa anayotoka kwenye foleni na njaa yake. Akishakula, mwambie wazi: “Nina jambo. Leo nataka unifurahie tu, mahesabu tutafanya kesho.” Wanaume wengi wakipewa kazi inayoeleweka wanaifanya. Halafu jiulize nawe, bila kujipendelea: mara ya mwisho yeye alipokuja na la kwake, bosi kamsifu au Simba kashinda, ulimjibu nini? Nimeshasikia wake wanaojibu “hizo Simba zinatulisha?” kisha wanashangaa mume anahamia kijiweni.

Nanyi wanaume mnaosoma gazeti la mke kwa kujificha, hakuna anayewataka mpige vigelegele. Geuza simu kifudifudi, uliza maswali mawili. “Walikupataje?” “Na wewe ukawaambiaje?” Inatosha.

Ila kama kwenu kila ukifurahi unapigwa, au unanyang’anywa ulichopata, hapo sahau maswali. Tafuta wazee unaowaamini, nenda dawati la jinsia polisi.

Kwa mnaoishi mbali mbali, mmoja machimboni Geita na mwingine kazini Muscat, kazi ni ngumu zaidi, maana habari inafika kwa maandishi na dole gumba liko karibu. Liacheni. Piga simu. Kama mwenzako yuko kazini, tuma sauti, na ndani yake uweke swali moja ambalo hawezi kulijibu kwa “ndiyo” au “hapana”.