Fasihi Simulizi: Nyimbo za Wawindaji

Nyimbo za uwindaji ni nyimbo zinazohusu kazi ya kusaka wanyama. Watahiniwa wengi hutambua aina hii ya wimbo upesi, kisha hupoteza alama kwenye maswali yanayofuata kwa sababu wanajibu kwa mazoea, si kwa kusoma utungo. Soma wimbo huu, ambao tumeutunga kwa ajili ya zoezi, mara mbili kabla ya kuendelea.

Tulitoka mimi na mwenzangu, jogoo hajawika,
Umande wa kipupwe ukatulowesha magoti,
Upepo ukatupuliza usoni, tukasema heri.
     Mwenzangu, nyayo zako nyayo zangu.

Akanyoosha kidole, sikuuliza neno,
Akainama, nikainama, kijiti kisivunjike,
Paa akainua kichwa, sisi tukawa mawe.
     Mwenzangu, nyayo zako nyayo zangu.

Mshale wa kwanza wake, wa pili wangu,
Ngozi akachukua yeye, paja nikapewa mimi,
Bega la mzee asiyeweza tena kupanda kilima.
     Mwenzangu, nyayo zako nyayo zangu.

Usuli

Jamii ya Wakamba wa Kitui na Makueni ilisifika tangu zamani kwa uta na mishale. Ncha za mishale zilipakwa sumu iitwayo ivai kwa Kikamba, iliyochemshwa kutoka kwa mti wa Acokanthera. Sumu hiyo huushambulia moyo wa mnyama. Uta hautupi mshale mbali kama risasi, kwa hivyo ilimlazimu mwindaji kunyemelea hadi karibu. Ndiyo sababu ubeti wa pili wote unahusu ukimya.

Mbuga ya Tsavo, inayopakana na sehemu hizo, ilitengwa mwaka wa 1948, na wengi waliowinda huko kwa desturi wakaanza kuitwa wawindaji haramu. Mwaka wa 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ingali inaukataza.

Maswali na mwongozo wa majibu

(a) Tambua aina ya wimbo huu na uthibitishe. (alama 2)

Wimbo wa uwindaji. Ithibati: kutajwa kwa paa na mshale. Kutaja aina 1, ithibati 1. Usiandike tu "wimbo wa kazi". Jibu hilo ni pana mno.

(b) Wimbo huu uliimbwa wakati gani? Toa sababu mbili. (alama 4)

Hapa ndipo wengi huteleza. Huandika kwamba wawindaji waliuimba walipokuwa wakinyemelea, kwa kuwa wamekariri kuwa nyimbo za kazi huimbwa kazini. Hebu fikiri: mtu anayeogopa hata kijiti kuvunjika ataimbaje? Wimbo uliimbwa baada ya kurejea. Sababu ya kwanza ni nyakati: "tulitoka" ina -li-, na vitenzi vinavyofuata vina -ka- ya masimulizi, kwa hivyo tukio limekwisha. Sababu ya pili ni kwamba nyama imekwisha kugawanywa katika ubeti wa tatu.

(c) Fafanua mambo manne kuhusu jamii ya wimbo huu. (alama 4)

Ni wawindaji (paa, mshale). Wanashirikiana (wawindaji wawili). Wana utaratibu wa kugawana (ngozi, paja). Wanawatunza wazee (bega la mzee). Mwaweza pia kusema kwamba wanayajua mazingira yao: wanafurahia upepo wa usoni kwa sababu paa aliye mbele hawezi kunusa harufu yao. Mtahiniwa asiyeelewa jambo hili huandika kuwa upepo uliwasumbua, ilhali nafsineni anasema "heri".

(d) Eleza vipengele vitatu vya kimtindo. (alama 6)

Kila kipengele: kutaja 1, mfano na maelezo 1.

- Istiari: "tukawa mawe". Walitulia tuli bila kutikisika.
- Taswira ya mguso: umande unaolowesha magoti. Msikilizaji anahisi baridi ya alfajiri.
- Kiitikio: "Mwenzangu, nyayo zako nyayo zangu". Kinaipa hadhira nafasi ya kushiriki, na kinasisitiza ujumbe. Kwa maana ya wazi, wa nyuma anakanyaga alipokanyaga wa mbele ili wasifanye kelele. Kwa maana ya ndani, kila mmoja ameukabidhi usalama wake kwa mwenziwe. Huo ndio moyo wa wimbo: paa anatajwa mara moja tu, mwenzake anatajwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

(e) Unanuia kukusanya nyimbo za aina hii nyanjani huko Kitui au Makueni. Eleza changamoto mbili na suluhisho la kila moja. (alama 4)

Kwanza, uwindaji ni hatia, kwa hivyo mzee aweza kukushuku kuwa umetumwa na maafisa wa wanyamapori. Suluhisho: fika ukiwa na mtu anayemfahamu, eleza lengo lako, omba idhini kabla ya kurekodi, na usilazimishe jina lake liandikwe. Pili, wimbo umepoteza muktadha wake. Waliouimba ni wachache na wamezeeka, na vijana hawana tukio la kuuimbia. Suluhisho: rekodi sauti, na uulize nani aliimba, nani aliitikia na kwa ishara zipi, kwa maana maneno matupu kwenye karatasi ni nusu tu ya wimbo.

Tanbihi: Swali hili halikutaki utetee wala ulaani uwindaji. Jamii inaweza kuiacha kazi na bado ikahitaji maadili yaliyofunzwa na wimbo wa kazi hiyo.

Zoezi

1. Linganisha wimbo huu na wimbo wowote wa kilimo wa jamii yako. Taja tofauti tatu za kiutendaji. (alama 6)
2. "Wimbo huu ungali na nafasi katika jamii ya leo." Thibitisha kwa hoja nne kutoka kwenye utungo. (alama 8)