Mvua ya Ndera Hunyesha Mlima Kenya

Mto Tana unaweza kufurika huku kwetu Ndera, chini ya Hola, wakati mbingu zetu hazina wingu. Mvua ya huku ni haba, takriban milimita 500 kwa mwaka, na jua hukausha zaidi ya hizo. Mpokomo hupanda mpunga na ndizi, na Muorma hunywesha ng'ombe kiangazi, kwa maji yaliyoanguka Mlima Kenya na Aberdare. Mvuke wenyewe hutoka Bahari ya Hindi. Upepo huupitisha juu ya vichwa vyetu hadi milimani, unapoa, unakuwa mvua, kisha maji yanarudi kwa mto mpaka Kipini, baharini tena.

Njiani yanakutana na watu. Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga likijaa hutanda takriban kilomita 120 za mraba, na jua la Ukambani hula sehemu ya maji hayo kabla hayajafika kwetu. Nairobi nayo hunywa kutoka vijito vya Tana, kupitia bwawa la Ndakaini. Ila hasara kubwa, kwa maoni yangu, ni tope tunalolikosa. Zamani mto ulipanda kila masika ukaacha rutuba shambani. Sasa tope jingi limezama mabwawani, na mafuriko madogo yaliyolisha mashamba na misitu yamepungua. Makubwa bado yanakuja, kama ya 1997, 2018 na 2024, kwa sababu bwawa lililojaa haliwezi kuzuia kitu.

Kwa hiyo usitegemee wingu la hapa. Ukisikia redioni kwamba Masinga na Kiambere yanamwaga, jua kwamba maji yatapita Garissa, kisha Hola, ndipo yatufikie, na safari hiyo huchukua siku kadhaa. Tumia siku hizo: mbegu na vyakula vipandishwe mahali pa juu, mifugo itolewe bondeni, wazee na watoto watangulie. Waliolala bondeni wakisubiri kuona maji kwanza ndio huokolewa kwa mashua.

Yapo pia ya mikononi mwetu. Msitu wa kingoni, anamoishi mbega mwekundu wa Tana, hushika udongo na kutia kivuli. Ukilima hadi ukingoni, mto utalichukua shamba lenyewe. Acha ukanda wa mikuyu na miti mingine ya asili. Mti wa mathenge, ulioletwa Bura na Hola miaka ya 1980, ung'oe ungali mchanga: mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, na mti mkubwa ukikatwa huchipua upya.

Mafuriko yakishaondoka, kisima kilichoingiwa na maji ya mto kisinywewe hivi hivi. Kitolewe maji yote, kisafishwe, kitiwe dawa kwa maelekezo ya afisa wa afya, na hadi hapo maji ya kunywa yachemshwe.