SOMO LA ATELIE: Kufunika mtumbwi kwa kitambaa cha kioo na epoksi

Wengi wametuuliza sisi wa mwaka wa tano sababu gani mtumbwi wa shule ulikaa juu ya vigogo miezi miwili mizima, hata wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wakatafuta njia ingine ya kwenda likizo. Wengine walisema tunachezacheza tu. Leo tunatoa jibu, na jibu lenyewe ni somo.

Mtumbwi wetu ni wa tripleksi. Mbele ya hapo fundi mmoja aliufunika chini kwa kitambaa cha kioo, lakini alipaka haraka, mbao zikiwa bado na maji. Kwa macho ulikuwa mzuri sana, uling'aa kama sahani mpya. Baada ya miezi michache kifuniko kilivimba kama malengelenge. Tulipokitoa kwa patasi tuliona ya kuwa mbao chini yake ilikuwa nyeusi na laini, kidole kinaingia. Na juu ya mbao ile walikuwa wanakaa wanafunzi kumi na wawili, katikati ya ziwa. Mungu alitulinda.

Basi mushike neno hili la kwanza: kifuniko hakiponyi mbao. Kinafunga kile kinachokuta. Kikikuta mbao kavu, itabaki kavu miaka mingi. Kikikuta maji, yatafungiwa ndani pamoja na mbao, nayo itaoza bila mtu kuona.

1. VITU VYENYEWE

Kitambaa kinafumwa kwa nyuzi nyembamba za kioo. Kwa mtumbwi mdogo kinatosha kitambaa cha gramu 200 kwa metre moja ya mraba. Peke yake ni kama nguo tu. Kinapata nguvu kikinywa rezini na kugandana nayo.

Epoksi ni maji mawili katika mikebe miwili: rezini, na dawa ya kugandisha. Mmoja wa wale walioivumbua ni Pierre Castan wa Uswisi, katika miaka ya 1930, naye alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Epoksi haikauki kama rangi, ambayo maji yake yanapanda hewani. Yale maji mawili yanashikana na kuwa kitu kimoja kigumu.

2. KUKAUSHA NA KUPIMA

Kwanza tulikata sehemu zote zilizooza tukatia tripleksi mpya. Kisha tuliweka mtumbwi chini ya paa, mahali pa upepo. Lakini namna gani kujua kama mbao imekauka? Mkono unadanganya. Mizani haidanganyi.

Kata kipande kidogo cha mbao, ukipime. Kikaushe ndani ya tanuru, moto wa digri 100 hivi, usikiunguze. Pima tena na tena mpaka uzito usipungue. Kipande chetu cha kwanza kilikuwa gramu 46, na kikavu gramu 38. Maji ni gramu 8. Gawanya 8 kwa 38: ni 21 kwa mia. Hapana kupaka! Inafaa kuwa chini ya 12 kwa mia. Tulingoja. Baada ya majuma matano kipande kingine kilikuwa gramu 44, na kikavu gramu 40. Ndiyo 10 kwa mia. Siku ile tulipiga makofi.

3. KIPIMO CHA DAWA

Hapa sisi wenyewe tulikosa, na tunaungama. Mmoja wetu alikuwa ameona kazi ya poliesteri, ambayo ni rezini ya namna ingine. Kwa poliesteri unatia dawa kidogo sana, 1 au 2 kwa mia, na ukiongeza kidogo inaganda mbio zaidi. Kwa hiyo akasema: «Na huku tuongeze, tumalize leo.» Tukaongeza nusu ya kipimo. Asubuhi yake mbao ilikuwa inanata kama ulimbo. Kesho yake vilevile. Tulikwangua siku tatu, na rezini ya pesa nyingi ikaenda bure. Mwalimu alituambia: «Batoto, ile haiko chumvi ya mboga.»

Sababu ni hii. Chembe za rezini na chembe za dawa zinashikana mikono. Kila mkono unatafuta mkono wa upande mwingine. Ukizidisha dawa, mikono mingi inakosa wa kuishika, na kitu chote kinabaki laini. Ukipunguza dawa, vilevile. Kama mkebe unaandika 2 kwa 1, ni vikombe viwili vya rezini na kimoja cha dawa, kikombe kilekile. Na uangalie kama kipimo ni cha kikombe ao cha mizani, kwa sababu uzito wa maji yale mawili hauko sawa. Kisha koroga dakika mbili ao tatu, ukikwangua pembeni na chini ya chombo.

Ukitaka igande mbio, tafuta dawa ya namna ya mbio, ao joto. Joto likipanda digri 10, kazi inakwenda karibu mara mbili upesi. Ndiyo maana usichanganye nyingi ndani ya mkebe mrefu: inajipasha moto yenyewe mpaka inatoa moshi. Changanya kidogo, umwage ndani ya sahani pana.

4. KAZI YA KUPAKA

a) Sugua mbao, viringisha pembe zote, kitambaa hakikubali pembe kali. Pangusa vumbi.

b) Paka epoksi peke yake kwanza, mbao inywe. Anza mchana joto likianza kushuka. Asubuhi jua linapasha mbao, hewa iliyo ndani inatoka, na inaleta mapovu.

c) Ikiganda, sugua kidogo, tandaza kitambaa kikavu, kinyooshe kwa mikono.

d) Mwaga epoksi katikati, uisukume kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki, sisi tulikikata kwa bidoni ya zamani. Kitambaa kilichokunywa vizuri kinageuka kama maji, unaona mbao chini yake. Pahali peupe pana hewa: rudi hapo. Iliyozidi, iondoe, kitambaa kisielee.

e) Ongeza safu mbili mpaka nyuzi zisionekane. Kama safu imeganda kabisa na inateleza kama mafuta, ioshe kwa maji safi, usugue, ndipo upake ingine.

f) Mwisho paka rangi. Epoksi haivumilii jua. Bila rangi inakuwa ya njano na kupasuka.

Hesabu: kwa safu zote tulitumia gramu 600 hivi kwa metre ya mraba. Mtumbwi una metre 6 chini: gramu 3 600. Tulinunua kilo 4.

Tulipaka na ndani vilevile. Nuhu aliambiwa apake safina ndani na nje, na sisi tuliona faida yake. Maji ya mvua na ya miguu yanaingia kwa juu, na mbao iliyofunikwa upande mmoja inakunywa kwa upande mwingine.

5. ANGALISHO KWA MWILI

Vaa mifuko ya mikono na nguo ya mikono mirefu. Epoksi ikigusa ngozi mara nyingi inaleta upele, na mtu anaweza kuikataa maisha yake yote. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Hapana kuosha kwa asetoni, kwa maana inaipeleka ndani ya ngozi. Wakati wa kusugua funga pua na mdomo, ufungue madirisha.

MWISHO

Sasa mtumbwi uko majini. Anayepanda haoni mbao, anaona rangi tu. Inafaa amwamini yule aliyefunika. Ndugu, kazi iliyofichwa ndiyo inayobeba watu. Tuifanye kama mbele za Yule anayeona chini ya rangi.

MAULIZO

1. Kipande cha mbao kina gramu 57. Kikavu, gramu 50. Utapaka? Onyesha hesabu.

2. Kwa nini kuongeza dawa hakuharakishi epoksi?

3. Sababu gani tunapaka mchana, si asubuhi?

4. Eleza kwa maneno yako: kifuniko hakiponyi mbao.