RADI HAITUMWI: SOMO KUTOKA KWENYE KIATU NA KOFIA

Umeshawahi kusikia mtu hapa Ubaruku akisema, "Radi ile imetumwa"? Mtu kapigwa shambani, nguo zimechanika, viatu vimepasuka, basi anatafutwa mchawi. Kabla hujakubali, hebu tuangalie vitu vilivyobaki.

Mwaka 1753 huko St. Petersburg, Urusi, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi akipima umeme wa mawingu. Alikutwa na alama nyekundu kwenye paji la uso, na kiatu kimoja kimepasuka. Marekani, askari wa hifadhi Roy Sullivan alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977, akapona. Kofia zake mbili zilizoungua zilihifadhiwa, watu wakaziona kwenye maonyesho.

Je, nao walirogwa? Hapana. Radi ni umeme. Ukipita mwilini, jasho hugeuka mvuke ghafla. Mvuke ule ndio unaopasua kiatu na kuchana nguo.

Umeme huo hauchagui. Mwaka 2011 uliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi Runyanya, Uganda. Mwaka 2018 uliua wanafunzi 6 katika shule moja Geita.

UFANYE NINI?

1. Ukisikia ngurumo tu, toka majarubani. Usisubiri mvua.

2. Usijifiche chini ya mti wala kwenye kibanda cha kuamia ndege. Ingia kwenye nyumba imara au gari la bati lililofungwa vioo. Kaa mbali na nyaya na mabomba.

3. Usidanganyike na ndala au mabuti ya mpira, hayazuii radi.

4. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudi shambani.

MWENZIO AKIPIGWA

Mguse bila woga, mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Mwingine akimbilie usafiri wa kwenda kituo cha afya. Usipoteze muda kummwagia maziwa.

Kijana mwenzangu, wengi wanaopigwa na radi wanaweza kupona wakisaidiwa mapema. Wakati watu wanabishana nani kaituma, moyo wa mwenzio umesimama na unasubiri mikono yako. Je, utamsaka mchawi au utabonyeza kifua?