Kwa Nini Punda na Farasi Huraruliana Matandiko?

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mathalani Oldonyo Sambu, Ngaramtoni na Kisongo, punda ni mchukuzi wa maji, mahindi na kuni. Mgongoni mwake hutandikwa gunia au kipande cha blanketi kuukuu ili mzigo usimchubue. Upande wa Usa River wako pia farasi wa kupandwa, na baadhi yao huvikwa mablanketi ya turubai nyakati za mvua na baridi. Wafugaji wa pande zote mbili hupatwa na jambo moja: mnyama huachwa jioni na tandiko zima, na asubuhi hukutwa amebaki na matambara. Mwenzake ameliuma na kulivuta mpaka likapasuka.

Hasara yake si ya kitambaa tu. Tandiko lililopasuka hujikunja, na mkunjo huo ukikaa chini ya mzigo huchubua ngozi. Kidonda cha mgongoni huvutia nzi na huchelewa kupona, na punda mwenye kidonda hapaswi kubebeshwa kitu. Siku hizo zote maji hubebwa kwa vichwa na migongo ya akina mama na binti zao. Kwa farasi hatari ni nyingine: mkanda unaoning'inia huweza kumnasa mguu akaanguka.

Aghalabu mnyama anayeuma huchapwa, au hufungwa mdomo. Lakini tabia ya mnyama haiwezi kuzuiwa vyema kabla ya kujulikana chanzo chake.

MENO YA MBELE

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Mahali pake pana ufizi mgumu, naye huzoa majani kwa ulimi. Punda na farasi waliokomaa wana meno sita ya mbele juu na sita chini, nayo hukutana kama koleo. Tena midomo yao ni myepesi, yaweza kuchagua jani moja kati ya mengi. Kwa hiyo ng'ombe aliye karibu na kitambaa hukilamba na kukitafuna, lakini punda huweza kukibana, kukishika na kukivuta kwa nguvu ya shingo nzima.

MAHALI TANDIKO LINAPOKAA

Wanyama wa jamii ya farasi wana desturi ya kutunzana. Wawili husimama wakielekeana kinyume, kichwa cha mmoja kikiwa karibu na bega la mwingine, na kila mmoja humkuna mwenzake kwa meno. Mahali wanapopapendelea zaidi ni pale shingo inapokutana na mgongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993, uliofanywa kwa farasi wa Camargue nchini Ufaransa, ulionyesha kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua. Alipokunwa mahali pengine pasipopendelewa, hayakupungua hivyo. Kukunana huko, basi, huwatuliza na kuimarisha urafiki wao.

Hapa ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Mahali hapo hapo ambapo wanyama hupenda kukunwa, ndipo binadamu anapoweka tandiko. Punda anayemwendea mwenzake kumtunza hukuta kitambaa badala ya ngozi. Hukibana kwa meno, nacho hufuata. Akivuta zaidi, hupasuka. Basi mara nyingi anayerarua tandiko si adui wa mwenye kulivaa, bali ni rafiki yake. Kuwatenga wawili hao kabisa huweza kuleta madhara mapya, kwa kuwa punda aliyezoeana na mwenzake hufadhaika sana anapotenganishwa naye.

SABABU NYINGINE

Ya kwanza ni njaa ya majani. Farasi aliye malishoni hula kwa muda wa saa 12 hadi 16 kwa siku, maana tumbo lake ni dogo na limeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo. Mnyama akifungiwa zizini tangu jua kuchwa hadi alfajiri bila chakula, meno yake hutafuta kazi. Gunia la katani ni nyuzi za mmea. Si ajabu likatafunwa.

Ya pili ni chumvi. Kitambaa kilicholowa jasho hubaki na chumvi kinapokauka, na mnyama aliyepungukiwa na chumvi huvutwa nayo.

Ya tatu ni mchezo. Madume machanga hucheza kwa kuumana shingo na mabega, na kitambaa kinachopepea huwa kichezeo chao.

Ya nne ni ugomvi wa kweli, hasa panapokuwa na fungu moja la chakula kwa wanyama wengi, au mgeni anapoingizwa kundini. Ishara yake ni masikio yaliyolazwa nyuma kabisa. Mnyama anayetunza mwenzake huwa ametulia, na mdomo wake wa juu hurefuka na kuchezacheza.

NAMNA YA KUZUIA

Kanuni ya kwanza ni kuondoa tandiko kazi inapokwisha. Shogi na gunia la mgongoni ni vyombo vya kazi, si nguo ya kulalia. Livuliwe, lipigwe vumbi, lifuliwe jasho, lianikwe na kutundikwa mbali na zizi. Kwa punda wengi wa vijijini hatua hii peke yake hulimaliza tatizo.

Pili, mnyama asugulie mgongo wake kwa njia nyingine. Mfugaji amkune kwa brashi ngumu kiasi mahali pale anapopenda, baada ya kuvuliwa mzigo. Na zizini pasimikwe nguzo laini isiyo na misumari.

Tatu, chakula cha usiku kiwe majani makavu au mabua ya mahindi yasiyo na ukungu. Yagawanywe katika mafungu yaliyoachana, yakizidi idadi ya wanyama kwa fungu moja, ili mnyonge aliyefukuzwa apate pengine pa kula. Wapewe pia chumvi ya kawaida. Magadi ya sehemu hizi hayafai kwa kazi hiyo, kwa sababu mara nyingi huwa na floridi nyingi, nayo hudhuru meno na mifupa.

Nne, madume machanga yatengewe uwanja wao, na mgeni aonyeshwe kwa wenziwe kupitia ua kwa siku kadhaa kabla ya kuchanganywa nao.

Wako wanaopaka kitambaa pilipili au oili chafu ya gari. Njia hizi hazifai. Mvua na jasho huzipeleka kwenye ngozi, zikaiunguza, na aliyevaa ndiye aumiaye. Kumfunga mnyama mdomo usiku kucha nako humnyima chakula na maji.

JE, BLANKETI LAHITAJIKA?

Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu anapopanda mita 1,000. Kwa hiyo usiku wa Juni hadi Agosti huwa wa baridi katika vijiji vya mlimani. Hata hivyo, farasi mzima mwenye afya ana kinga yake. Manyoya yake husimama na kushika hewa katikati yake, nayo hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Blanketi jepesi huweza kuyalaza manyoya hayo na kupunguza faida yake.

Punda ni tofauti. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba manyoya ya punda hayaongezeki wakati wa baridi kama ya farasi. Mvua na upepo humdhuru upesi, lakini dawa yake bora ni paa. Chini ya paa haraki tandiko la mwenzake, kwa kuwa halipo.

Mnyama mgonjwa, mzee au aliyekonda huenda akahitaji kuvikwa. Blanketi lake limbane vizuri pasipo ncha zinazoning'inia, nalo liwe la kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Mpasuko mdogo ushonwe siku hiyo hiyo, kwa maana nguvu yote ya mvuto hukusanyika katika ncha ya mpasuko na kuuendeleza.

Blanketi la farasi husaidia pia kumkinga na usubi, wadudu wadogo waenezao virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huu huua farasi wengi, ilhali pundamilia huweza kubeba virusi hivyo bila kuonekana kuugua. Lakini blanketi pekee halitoshi. Farasi aingizwe bandani kabla ya jua kuchwa mpaka baada ya kucha, na mfugaji amwone daktari wa mifugo kuhusu chanjo.

UCHUNGUZI WA WANAFUNZI

Wanafunzi wachague zizi moja na, kwa idhini ya mwenye wanyama, wakae nje ya ua kwa saa moja jioni. Kila baada ya dakika 5 waandike kila mnyama anafanya nini: kula, kusimama, kutunzana, kugombana, au kuuma kitambaa. Warudie kwa siku tatu bila kubadili kitu. Siku tatu zinazofuata mabua yaongezwe, na mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. Wakibadili mambo mawili kwa pamoja hawataweza kujua ni lipi lililoleta tofauti.

MASWALI

1. Kwa nini ng'ombe hararui tandiko kama punda?
2. Eleza tofauti ya ishara za kutunzana na za kugombana.
3. Blanketi jepesi laweza kumpunguzia farasi kinga ya baridi. Kwa nini?
4. Mfugaji mmoja aliwatenga punda wake wawili ili kuokoa tandiko. Mshauri njia iliyo bora zaidi, na utoe sababu.