Dondoo Muhimu: Arusha Wasiyoiona Wapitao

Wageni aghalabu huipita Arusha kwa pupa ya kuwahi mbugani, ilhali mji huu ulio chini ya Mlima Meru una tarikhi ya kumshughulisha msafiri siku nzima.

1. Anzia Boma la Wajerumani la mwaka 1900, leo Makumbusho ya Elimu Viumbe.

2. Usitosheke na picha ya Mnara wa Saa. Fika Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967.

3. Nenda Tengeru, ambako tangu 1942 maelfu ya Wapoland, waliohamishwa kwa nguvu hadi Siberia kisha wakapitia Uajemi, walipewa hifadhi. Omba idhini kabla ya kuingia makaburini mwao, nawe uvae kwa staha.

4. Ziwa Duluti li jirani: chukua koti, maana baridi ya Julai haina masihara.