Ubaridi wa chumba cha CT na MRI: somo kwa anayeuguza na kwa anayetoa waqfu



Ndugu msomaji, aliyewahi kumpeleka mzazi au mtoto kupimwa kwa mashine ya CT au MRI hukumbuka jambo moja kabla ya mengine: baridi. Nje jua la Dar es Salaam au Tanga linachoma, ndani ya chumba kile mgonjwa anatetemeka. Anayemuuguza huomba kiyoyozi kizimwe japo kidogo. Wapo wanaodhani baridi ile ndiyo mionzi yenyewe, na wapo wanaodhani ni ya kumtia mgonjwa ganzi. Yote mawili si kweli.

Ubaridi ule haukuwekwa kwa ajili ya mgonjwa, wala kwa starehe ya daktari. Umewekwa kwa ajili ya mashine, na bila ya ubaridi mashine hiyo haifanyi kazi. Katika somo hili tutaeleza, insha Allah, joto la mashine hizi linatoka wapi na linaondolewa vipi. Kisha tutaangalia familia ifanye nini inapompeleka mgonjwa, na Waislamu wanaochangia mashine za hospitali kama sadaka yenye kuendelea wasisahau kitu gani.

JOTO LA MASHINE YA CT

CT ni eksirei inayozunguka. Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyetengeneza mashine ya CT, na mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa mjini London Oktoba 1971. Mashine hupitisha mionzi mwilini kutoka kila upande, kisha kompyuta huunganisha vipimo hivyo na kutoa picha za ndani kipande kwa kipande, mfano wa mkate uliokatwa slesi.

Mionzi hiyo hutoka katika tyubu. Ndani ya tyubu, chembe za umeme ziitwazo elektroni hugonga kwa kasi kubwa kisahani cha madini ya tungsteni. Katika nguvu yote ya umeme inayotumika hapo, asilimia 1 hivi tu ndiyo inayogeuka mionzi. Asilimia 99 inakuwa joto. Tyubu ya CT inapopiga picha inaweza kutumia kilowati 50 au zaidi, na pasi ya nyumbani hutumia kilowati 1 hivi. Basi fikiria joto la pasi 50 limekusanywa ndani ya chombo kimoja kidogo, ingawa ni kwa sekunde chache.

Tungsteni imechaguliwa kwa sababu haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3,400 hivi za Selsiasi. Hata hivyo, kisahani hicho huzungushwa maelfu ya mara kwa dakika ili joto lisikae mahali pamoja. Tyubu yenyewe imezungukwa na mafuta. Mafuta yanachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, kama ilivyo kwa maji ya injini ya gari. Katika mashine nyingi feni hupuliza joto hilo na kulitoa katika hewa ya chumba, na katika nyingine hupozwa kwa maji. Joto likishaingia chumbani, kazi ya kulitoa nje ni ya kiyoyozi.

Kwa hiyo ni mnyororo: tyubu, mafuta, rejeta, hewa ya chumba, kiyoyozi, nje. Kiungo kimoja kikikatika, joto linarudi lilikotoka. Ndiyo maana mtaalamu wakati mwingine husema, "Tusubiri kidogo mashine ipoe." Hafanyi uvivu. Mashine yenyewe imekataa kuendelea ili tyubu isiungue.

Lipo jambo la pili. Vile vifaa vinavyopokea mionzi upande wa pili wa mwili vinahitaji joto lisilopandapanda wala kushukashuka. Joto likibadilika, vipimo vinayumba, na picha inaweza kuonesha miduara au mistari ambayo mwilini haimo. Daktari anayesoma picha kama hiyo anawekwa katika mtihani.

La tatu ni unyevu, na hili linatuhusu sana sisi watu wa pwani. Hewa yenye unyevu mwingi ikikutana na chuma baridi hutoa matone, kama yanavyoonekana kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Matone hayo yakiwa juu ya saketi za umeme ni hatari, na huleta kutu. Hewa ikiwa kavu kupita kiasi nayo huzalisha cheche ndogo za umeme zinazoweza kuharibu saketi. Kwa sababu hiyo chumba huwekwa katika wastani, kwa kawaida nyuzi 18 hadi 24 na unyevu wa asilimia 30 hadi 60 hivi. Kila mtengenezaji hutoa kiwango chake kwa mashine yake, na hicho ndicho cha kufuatwa.

BARIDI YA NDANI YA MRI

MRI haitumii eksirei. Hutumia mawimbi ya redio na sumaku yenye nguvu kubwa sana. Sumaku hiyo imetengenezwa kwa nyaya za madini ya niobi na titani ambazo, zikipozwa kupita kiasi, hupitisha umeme bila kikwazo chochote. Ubaridi unaotakiwa ni nyuzi 269 chini ya sifuri. Hakuna kiyoyozi kinachoweza hilo. Inayotumika ni gesi ya heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Aliyeigeuza hivyo kwa mara ya kwanza ni mtaalamu wa Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes, mwaka 1908. Mwaka 1911 akagundua tabia hiyo ya madini kupitisha umeme bila kikwazo.

Mashine nyingi za MRI zilizozoeleka zina lita 1,500 hivi za heliamu ya maji. Tangu mwaka 2018 zimeanza kuuzwa zinazotumia lita 7 tu. Ili heliamu isichemke na kupotea, ipo pampu inayoipoza usiku na mchana. Ile sauti ya kudundadunda unayoisikia hata kabla mgonjwa hajaanza kupimwa ndiyo pampu hiyo. Nayo pampu hutoa joto, na joto lake huchukuliwa na maji yanayopozwa na mtambo ulioko nje ya jengo, ambao mafundi huuita chila.

Hapa pana tofauti kubwa na CT. CT inaweza kuzimwa usiku. Upoozaji wa MRI hauna usiku wala Idi. Umeme ukikatika na chila ikasimama, heliamu inaanza kupotea kidogo kidogo. Sumaku ikipata joto la ghafla, heliamu yote huchemka kwa mara moja, na kila lita moja hugeuka lita 700 hivi za gesi. Mashine huwekewa bomba kubwa la kuitoa gesi hiyo nje, kwani ikijaa chumbani huondoa hewa ya kupumua. Kuijaza tena heliamu ni gharama kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa ipo heliamu ardhini katika bonde la Rukwa, hapa Tanzania. Lakini neema iliyo ardhini si ruhusa ya kupoteza ile iliyo ndani ya mashine.

Jambo moja la usalama lishikwe hapa: umeme ukikatika, sumaku ya MRI haizimiki. Inaendelea kuvuta chuma kama kawaida. Asiingie mtu na funguo au kiti cha magurudumu kwa kudhani mashine imezimwa.

UBARIDI UKIKOSEKANA, NANI ANAUMIA?

Tuchukue mfano. Mzee ameamka kuswali Alfajiri, mkono mmoja haunyanyuki na mdomo umepinda. Hicho ni kiharusi. Kiharusi kina namna mbili: mshipa wa kichwani umezibwa na damu iliyoganda, au mshipa umepasuka na damu inavuja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. CT huzitofautisha kwa dakika chache. Tofauti hiyo ni ya uhai na mauti, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua yule ambaye damu yake inavuja. Na dawa hiyo ina muda wake, saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze.

Sasa familia imefika hospitali, mashine ipo, mtaalamu yupo, lakini kiyoyozi kimekufa tangu jana na mashine imejizima kwa joto. Mzee anapelekwa hospitali nyingine, na saa zinakwenda. Kilichokosekana hapo si mashine ya mamilioni. Ni kichujio kilichojaa vumbi, au bomba la maji lililoziba.

FAMILIA IFANYE NINI

1. Usiombe kiyoyozi kizimwe wala usiache mlango wazi. Omba shuka au blanketi la hospitali. Kwa MRI usiingie na blanketi la nyumbani mpaka limekaguliwa, huenda lina nyuzi za chuma.

2. Mtoto mchanga, mzee na mgonjwa mwenye homa waelezwe kwa mtaalamu mapema. Mtoto mchanga hupoteza joto la mwili haraka. Afunikwe mpaka dakika ya kuanza, na afunikwe tena mara tu kipimo kinapokwisha.

3. Dada zetu watoe pini za mtandio, vipuli, bangili na mikufu nyumbani. Vaa nguo nyepesi za pamba zisizo na zipu wala vifungo vya chuma. Nguo yenye darizi za nyuzi za metali isiingie kwenye MRI, kwani inaweza kupata moto na kuunguza ngozi. Sitara haipotei: unayo haki ya kuomba shuka la kujifunika na mtandio usio na pini.

4. Ndani ya MRI mwili hupata joto kidogo kutokana na mawimbi ya redio. Ukihisi sehemu moja inaunguza, bonyeza kengele uliyopewa. Usivumilie.

5. Kwenye CT, mgonjwa akichomwa dawa ya kung'arisha picha anaweza kuhisi joto linapita mwilini kwa muda mfupi. Hilo ni la kawaida. Lakini akiwashwa au kupumua kwa shida, aseme hapo hapo.

KWA WANAOTOA WAQFU

Ndugu Waislamu, sadaka yenye kuendelea ni katika mambo ambayo Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa thawabu zake hazikatiki mtu anapokufa. Kuchangia mashine ya hospitali ni mlango mkubwa wa kheri hiyo. Lakini sadaka haiwezi kuendelea ikiwa chombo chenyewe kimesimama. Anayechimba kisima akaacha kuweka kamba na ndoo, wenye kiu wataishia kuyatazama maji.

Waliotutangulia walilijua hilo. Hospitali ya Mansuri iliyojengwa na Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 683 Hijria (1284) haikuachwa na majengo matupu. Iliwekewa mali za waqfu ambazo mapato yake yalilipa waganga, dawa na chakula, na hati ya waqfu ikataja hata pepeo za majani ya mtende kwa ajili ya wagonjwa wakati wa joto. Tazama, ndugu yangu: zaidi ya miaka 700 iliyopita, waqfu ulihesabu joto.

Basi kamati inayokusanya michango iulize haya kabla ya kununua au kupokea mashine:

1. Je, mhandisi amepiga hesabu ya joto la mashine, au tunakisia idadi ya viyoyozi kwa macho?

2. Je, vipo viyoyozi viwili, ambavyo kimoja kikiharibika cha pili kinatosha peke yake?

3. Je, jenereta inaendesha mashine pamoja na mtambo wake wa kupoza? Jenereta inayowasha mashine na kuacha chila imezimwa ni nusu ya kazi.

4. Nani anasafisha vichujio, na kila baada ya siku ngapi? Karibu na bahari, nani anaosha chumvi kwenye sehemu ya nje ya kiyoyozi kabla haijala chuma?

5. Je, maji ya kiyoyozi yanatoka kwa njia salama, na hakuna kiyoyozi kilichofungwa juu ya mashine kikaitonea?

6. Je, kipo kipimo cha joto na unyevu ukutani, na daftari la kuandika asubuhi, mchana na jioni?

7. Fedha za fundi na vipuri vya mwaka wa pili na wa tatu zitatoka wapi? Fremu za duka zilizowekwa waqfu kwa ajili hiyo zinaweza kuwa bora kuliko mashine ya pili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo, katika mwongozo wake wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa tiba, limesisitiza kuwa anayepokea awe na mazingira na uwezo wa kukiendesha na kukitunza kifaa. Huko ndiko kufunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu (s.w).

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Asilimia ngapi ya umeme wa tyubu ya CT hugeuka joto, na joto hilo hupita wapi mpaka litoke nje?

2. Kwa nini upoozaji wa MRI hauzimwi hata siku ambayo hakuna mgonjwa?

3. Taja vitu vitatu vya kuacha nyumbani kabla ya kwenda kupimwa MRI.

4. Katika msikiti wako, kama kuna mradi wa kuchangia hospitali, ni maswali mangapi kati ya yale saba yameshaulizwa?

Swali la nne lisomwe pamoja na wenzako baada ya swala ya Ijumaa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w) awaponye wagonjwa wetu na azikubali sadaka zetu.

Wabillahi tawfiq.